Mkono wa Bi Ozella

Jumanne hiyo, saa nne na robo asubuhi, nesi Ozella Battle alikuwa amemfunga Mzee Purvis kitambaa cha kupimia presha na anamsubiri amalize habari za trekta lake, maana presha ya Mzee Purvis hupanda kila anapolitaja. Kliniki ya Kaunti ya Harlow ilikuwa na vyumba viwili, nesi mmoja, na daktari aliyekuja Alhamisi. Zamani jengo lote lilikuwa hospitali. Ozella alizalisha humo miaka kumi na tisa, hadi wodi ya wazazi ilipofungwa kwa sababu, walisema, wanawake wa Harlow hawazai vya kutosha. Wodi nyingine zikafuata. Chumba alichopimia presha ndicho kilichokuwa chumba cha kuzalia, na ndoano za mapazia zilikuwa bado darini.

Keyonna Spratling aliingia kwa miguu yake, ameshika ukuta, bado amevaa aproni ya kiwanda cha kambare. Nyuma yake sakafu ilikuwa imelowa.

"Bi Ozella, chupa imepasuka," alisema. "Na kuna kitu kimetoka. Si mtoto."

Ozella alimwambia Mzee Purvis ajifungue kitambaa mwenyewe. Akamlaza Keyonna, akamwangalia, akaona kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia: kipande cha urefu wa kiganja, cheupe kinachoelekea ubuluu, kinapiga. Wakunga hawaiogopi damu kama wanavyoliogopa jambo hili. Mtoto hupumua kwa kitovu chake. Kitovu kikitangulia, kichwa kinachofuata nyuma hukibana kwenye mfupa, na kila uchungu unaposukuma mtoto hujikaba kwa kichwa chake mwenyewe. Dawa yake ni moja tu. Mtu anaingiza mkono, anakiinua kichwa kwa vidole viwili, na anakaa hivyo hivyo hadi daktari apasue tumbo amtoe mtoto kwa juu. Mkono hautoki kabla ya hapo. Ukitoka, mtoto ana dakika chache za kuishi.

Ozella alivaa glavu akaingiza mkono wa kulia. Kichwa kilikuwa pale pale alipokitarajia. Akakiinua. Ubavuni mwa kidole akahisi kitovu kinarudi kupiga vizuri, akahesabu: mapigo mia moja thelathini na mawili kwa dakika.

"Yuko hai?" Keyonna aliuliza.

"Yuko hai, na ana nywele. Usisukume, hata ukiona unataka kufa."

"Ni msichana. Picha ya mashine ilisema. Anaitwa Delphine."

"Basi Delphine asubiri kidogo."

Mzee Purvis ndiye aliyepiga simu, kitambaa cha presha kikining'inia mkononi. Helikopta ya wagonjwa ilisema itakuja saa tano. Saa tano ikasema saa saba, kwa ajili ya ukungu uliokuwa mahali pengine. Saa tisa ilitua kwenye uwanja wa Kanisa la Mount Gilead, wakashuka vijana wawili wa ovaroli na machela ya mtu mmoja. Keyonna wangeweza kumchukua. Ozella hapana, kwa kuwa hayumo kwenye orodha ya wahudumu wao, na fomu ina nafasi ya mgonjwa mmoja. Mmoja wao akavaa glavu ili wapokezane. Ozella alipolegeza kidole kwa unene wa uzi mapigo yalishuka hadi tisini. Kijana alipoingiza chake yakawa sitini, kisha arobaini. Ozella akarudisha, yakapanda. Walijaribu mara tatu. Kijana alisema hajawahi kuona mtoto anayechagua mkono, akaandika kwenye fomu kwamba mgonjwa amekataa huduma, wakaondoka kabla ukungu haujarudi.

"Nani amekataa?" Keyonna aliuliza.

"Delphine," alisema Ozella.

Mumewe Keyonna, Rodarius, alikuwa dereva wa gari la maiti la nyumba ya mazishi ya hapo Harlow. Jumatano asubuhi alilileta hadi mlangoni. Kwetu hilo si mkosi. Enzi ambazo gari la wagonjwa la kaunti lilibeba watu weupe peke yao, wazee wetu walipelekwa hospitali na gari la maiti, na aliyefia njiani hakuwa na haja ya kuhamishwa. Kitanda cha nyuma kilitandikwa magodoro mawili. Keyonna alilala ubavu, makalio juu ya mito, na Ozella akajikunja nyuma yake, mkono mahali pake. Mbele, kando ya dereva, alikaa Mama Lutie, bibi yake Keyonna, mwenye miaka themanini na mmoja na kopo la ugoro. Mama Lutie ndiye aliyekuwa mkunga wa mwisho wa nyumbani katika kaunti nzima, hadi alipoandikiwa barua kwamba leseni za wakunga wa nyumbani zimekwisha na mkoba wake aukabidhi. Mkoba aliukabidhi. Mkasi alibaki nao. Vidole vyake sasa vilikuwa vimekunjwa na baridi yabisi, havingeweza kuinua hata kikombe.

"Endesha kama umebeba mayai," alimwambia Rodarius.

"Bibi, mimi huwa nabeba watu wasiolalamika. Nitajitahidi."

Hospitali ya Penrow ilikuwa maili arobaini na moja. Walipofika, fundi alikuwa juu ya ngazi anafungua skrubu za bango lenye picha ya korongo aliyebeba mtoto, ndege ambaye hadithi husema ndiye anayewaletea watu watoto. Mwanamke wa mapokezi alitoka hadi kwenye gari, akainama dirishani, akawaambia kwa huzuni kwamba wodi ya wazazi imefungwa asubuhi hiyo, saa mbili. Aliyekuwapo ni daktari wa magoti. Alikuja, akatazama, akasema kazi ya Ozella ni nzuri sana, ila bima ya kazi yake yeye inaishia kwenye paja. Waliwapa maji ya kunywa na karatasi yenye anwani ya hospitali ya Corley.

Corley ilikuwa maili thelathini na nane mbele. Ilikuwa imefungwa tangu adhuhuri. Vitanda vya watoto wachanga vilikuwa vimepangwa nje kwenye nyasi, na mwanamume mmoja alikuwa anachagua kimoja cha kupandia nyanya.

Safari hii Rodarius alitumia akili. Alipiga simu kwenye hospitali kubwa ya mjini, ya ghorofa tisa, na mwanamke aliyepokea akamhakikishia kwamba wapo, wana madaktari watatu na chumba cha upasuaji kimewashwa taa. Walikwenda maili sitini na moja. Mapigo yalikuwa mia moja thelathini na mawili njia nzima, na Ozella alikuwa anayataja kwa sauti kila wanapopita kituo cha mafuta, kwa sababu Keyonna alimwomba. Walipofika wakamkuta mwanamke yule yule wa simu, waliyemtambua kwa sauti, anapanga picha za wanawe kwenye boksi.

"Dada, si umesema mpo?" Rodarius alimwambia.

"Nilipokwambia tupo, tulikuwapo, kaka yangu."

Hakuwa mwongo. Taa ya chumba cha upasuaji ilikuwa bado ina joto.

Rodarius alitaka kuendelea hadi jimbo la pili. Alikuwa na mafuta, na alikuwa na hasira, na mtu mwenye vitu hivyo viwili huona barabara ni fupi. Keyonna alikuwa analia bila kutikisika, kwa kuwa ameambiwa asitikisike. Ozella ndiye aliyesema kutoka kule nyuma.

"Turudi nyumbani, Rodarius. Tukiendelea hivi tutazimaliza hospitali zote."

Wakarudi. Kliniki angalau ilikuwa na kitanda.

Uchungu wa Keyonna ulikoma siku ya nne, kama mvua inavyokoma. Delphine hakushuka wala hakupanda. Tumbo halikuongezeka. Kila asubuhi Ozella alihesabu mapigo akayaandika ukutani kwa mkono wa kushoto, mia moja thelathini na mawili, na siku ambayo Keyonna alikula pilipili, mia moja arobaini. Daktari wa Alhamisi alikuja Alhamisi. Alisoma ukutani, akasema hali ni tulivu, akampongeza kila mtu, akaenda kuwaona wenye kisukari. Kupasua hakupasua, kwa kuwa kliniki haikuwa na mtu wa dawa ya usingizi wala damu ya akiba wala kisu kirefu kuliko cha kukatia plasta. Mama Lutie alijitolea kumpa mkasi wake. Daktari alimshukuru.

Ozella akahamia kwenye kiti. Baadaye kiti kikabadilishwa kikaletwa cha kinyozi, chenye kupanda na kushuka. Mama Lutie aliwaogesha wote wawili kwa beseni nyuma ya pazia, akiwasema. "Wewe Ozella mgongo wako mweusi kama sufuria ya jana. Geuka. Usigeuke sana, utaniulia kitukuu." Glavu iliisha yenyewe, ikaondoka vipande vipande, na kilichobaki ndani ni mkono mtupu, ambao kwa nje, juu ya kifundo, ulianza kupauka kama mguu uliokaa kwenye bandeji. Wagonjwa wa presha waliendelea kuja. Walijifunga kitambaa wenyewe na kumsomea namba.

Na hapa ndipo sisi wa Harlow tulipokosea, tena kwa wema wetu. Watu wengine wangeandamana. Wangelala barabarani mbele ya nyumba ya gavana. Sisi tulitengeneza orodha ya zamu za chakula. Akina mama wa Mount Gilead waliibandika mlangoni kwa wino wa rangi tatu: Jumatatu sukuma wiki na mkate wa mahindi, Jumanne kuku, Jumatano pai ya viazi vitamu, Ijumaa kambare, ambao Keyonna hakuwahi kuwagusa kwa kuwa alishawapasua wengi mno. Kwaya ilihamishia mazoezi yake ya Alhamisi chumbani humo. Tulifanya sherehe ya kumkaribisha Delphine, na mwaka uliofuata tukaifanya tena, na nguo za wachanga zikajaa kabati la dawa. Msiba uliopangwa vizuri huacha kuonekana msiba. Barua kwa wakubwa, ambazo mwezi wa kwanza zilikuwa hamsini, mwezi wa sita zilikuwa mbili, na zote mbili alikuwa ameziandika Rodarius.

Makamishna wa kaunti nao hawakukaa kimya. Walikuja watano, wamevaa tai, wakasoma azimio la kuitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Ozella Battle. Walimpa cheti chenye fremu. Ozella alikipokea kwa mkono wa kushoto akawauliza daktari anakuja lini.

"Tunalifuatilia, Bi Ozella," alisema mwenyekiti wao.

"Mnalifuatilia, au linawakimbia?"

Walicheka sana. Walikula pai, wakapiga picha, wakaondoka.

Mwaka wa tatu binti yake Ozella, Yvette, aliolewa huko Atlanta. Jumapili iliyofuata alikuja na bwana harusi, amevaa gauni lile lile, na mkia wake ulichukua nafasi yote kati ya mzani na dirisha. Alipiga magoti mbele ya kiti ili mama yake amrekebishe shela. Ozella alikuwa ameapa tangu Yvette yuko darasa la kwanza kwamba siku hiyo atamfunga vifungo vyote vya mgongoni yeye mwenyewe. Vilikuwa arobaini, vidogo kama punje za mahindi, na vinahitaji mikono miwili. Alijaribu kwa mmoja. Alifunga viwili. Keyonna akanyoosha mkono wake kutoka kitandani, akawa anashika kitanzi na Ozella anapitisha kifungo, na kazi hiyo iliwachukua saa nzima. Yvette alipokwenda, Ozella alilia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata alipomzika mumewe, na Keyonna akamwomba msamaha.

"Umenikosea nini?"

"Sijui. Kupasukiwa na chupa Jumanne."

"Kwani ungependa upasukiwe Jumapili? Jumapili tumefunga."

Delphine alipotimiza miaka mitano shule ilimwandikisha. Halafu zikaanza kuja barua za utoro. Ya kwanza ilikumbusha, ya pili ilionya, ya tatu ilimtaka mzazi afike mbele ya hakimu aeleze kwa nini mtoto hajahudhuria siku sitini na nane. Rodarius alikwenda na tai, akaeleza. Hakimu alisikiliza vizuri. Akauliza kama kuna cheti cha daktari.

Mwaka huo huo ndipo lilipokuja lile kundi la wataalamu, wanaume watatu na mwanamke mmoja, waliokodiwa kupima hali ya uzazi katika kaunti zote za ukanda wetu wa udongo mweusi. Walikaa siku mbili. Walikuwa watu wa adabu, wakala sukuma wiki wakaomba waongezwe. Walipima joto la chumba na upana wa mlango. Mwanamke alimwomba Ozella ruhusa, akaweka kidole kwenye kipande cha kitovu kilichoonekana nje, akahesabu mwenyewe: mia moja thelathini na mawili. Machozi yalimtoka. Aliandika namba hiyo kwenye karatasi.

Kaunti ilikuwa imeomba ifunguliwe tena wodi ya wazazi. Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Rodarius alilisoma kwa sauti, amesimama chini ya ndoano za mapazia. Wakubwa wa jimbo walisema ombi limechunguzwa kwa makini. Katika miaka mitano Harlow haikuwa imepoteza mtoto hata mmoja kwa tatizo la kitovu, rekodi bora katika ukanda mzima, na mapigo ya mtoto aliyepo ni ya kuridhisha. Kwa hiyo kaunti inahesabiwa kuwa inayo huduma. Ramani iliambatishwa. Kaunti zote zilizotuzunguka zilikuwa nyekundu. Harlow ilikuwa ya kijani.

Mama Lutie aliomba aonyeshwe. Aliisogeza karibu na pua.

"Hicho kijani ndiyo nini?"

"Ni Bi Ozella, Bibi," alisema Rodarius. Akaikunja barua mara nne, akatoka nje, wakamsikia anapiga teke tairi la gari la maiti hadi akachoka.

Mchana ule ulikuwa wa joto na kwaya haikuja. Mama Lutie alisinzia. Ozella na Keyonna walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja alijua mwenzake amemeza mate, na Ozella alijua kabisa kinachokuja kabla hakijasemwa.

"Bi Ozella. Ukiuchomoa, ramani itakuwa nyekundu."

"Itakuwa."

"Watafungua."

"Huenda. Au watatuma maua."

"Lakini huenda wakafungua. Kwa wengine watakaokuja."

Ozella alikuwa amelifikiria hilo usiku na mchana tangu wale wataalamu waondoke, kwa sababu alizalisha miaka kumi na tisa na hesabu za nani aokolewe alizijua kuliko wao. Mtoto mmoja asiyezaliwa upande huu, na upande ule watoto wasio na majina, kumi, ishirini, wa kesho na wa mwakani. Karatasi ingekubali. Kisha akasikia kitovu kikimpiga ubavuni mwa kidole, taratibu, mara moja na mara moja tena, kama ambavyo kilimpiga siku zote hizo, karibu elfu mbili, na akaona kwamba hesabu ni ya watu wenye mikono mitupu.

"Wewe unataka nichomoe?" aliuliza.

Keyonna alitazama dari. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu alikuwa mzazi asiyewahi kumwona mwanawe, wala kumnusa, wala kumsikia akilia.

"Hapana," alisema. "Mungu anisamehe. Hapana."

"Sichomoi basi. Lala."

Brandi Suggs aliletwa mwezi wa tisa, Jumatatu, wakati wa chakula. Alikuwa msichana mweupe wa miaka kumi na tisa kutoka kwenye nyumba za magurudumu upande wa kiwanda cha mbao, na aliyemleta ni baba yake, ambaye hakuwahi kuingia kliniki yetu na alivua kofia mlangoni asijue aiweke wapi. Kitovu cha mtoto wake kilikuwa kimetoka urefu wa vidole vinne. Baba alisema wameanzia Penrow kwa kuwa alikumbuka kuna picha ya korongo.

"Ndiyo huyo mama wa mkono?" Brandi aliuliza huku analia.

"Ndiye," alisema Keyonna. "Lala hapo. Usisukume."

Rodarius na yule baba walikisogeza kitanda cha pili hadi kikagusa kiti cha kinyozi. Mama Lutie alimvalisha Ozella glavu mkono wa kushoto, akaivuta kwa meno kwa sababu ya vidole vyake. Ozella aliingiza, akainua, akasubiri. Mapigo yalikuwa sabini, yakawa tisini, yakawa mia moja na ishirini. Alimwambia Rodarius ayaandike ukutani, safu mpya. Mzee Suggs alikaa chini sakafuni na kofia yake. Baada ya muda aliuliza daktari anakuja saa ngapi, na watu wazima wote waliokuwamo wakatazama sehemu nyingine.

Tangu hapo Ozella hakuweza kujilisha. Keyonna alimlisha kwa kijiko, na Brandi alimfuta jasho, na mbu akimtua usoni, yeyote aliye karibu alimfukuza. Akina mama wa Mount Gilead waliongeza sahani moja kwenye orodha. Kanisa la akina Suggs nalo lilileta maharage na likaomba lipewe Jumamosi. Ripoti ya mwaka uliofuata ilisema kliniki ya Harlow imeongeza uwezo wake maradufu bila kuajiri, na kijani chetu kwenye ramani kikakolezwa.

Eulalia alikuja Alhamisi ya wiki ya kwanza ya baridi. Alikuwa ametoka Guatemala miaka miwili nyuma na Kiingereza chake kilikuwa cha kiwandani: kisu, barafu, haraka, choo. Kwenye mstari wa kupasua kambare alikuwa anasimama mahali alipokuwa anasimama Keyonna, amemrithi hata aproni. Aliingia peke yake, ameshika ukuta. Sakafu ililowa nyuma yake. Alionyesha tu kwa kidole.

Ozella alitazama kulia kwake, akatazama kushoto. Alipandisha mabega kidogo kama mtu anayetafuta namna. Daktari wa Alhamisi alikuwa chumba cha pili na mgonjwa wa kisukari. Walimwita akaja, akaona, akasema atapiga simu, akatoka kupiga simu. Rodarius alikuwa kwenye mazishi. Mama Lutie alijaribu kunyoosha vidole vyake, vikakataa, akaanza kuvitukana kimoja kimoja kwa majina.

"Mleteni hapa kwangu," Keyonna alisema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja.

"Hapa, kitandani. Kuna nafasi. Mgeuzeni mgongo uje kwangu. Mama Lutie, glavu."

Brandi alishika kichwa cha kitanda cha Keyonna kwa mkono mmoja akakivuta, na Eulalia akalala pale alipoonyeshwa, ubavu, magoti juu, anatetemeka. Keyonna alipanguswa mkono hadi kiwiko, akavikwa glavu. Miaka sita alikuwa amelala upande wa pili wa kazi hii, hajawahi kuiona.

"Niambie," alisema.

"Vidole viwili," alisema Ozella. "Usikiguse kitovu ukakiminya, kiache kipite pembeni. Nenda ndani. Zaidi. Usimwonee huruma sasa, utamhurumia baadaye. Umekuta kitu kigumu?"

"Kigumu. Kina nywele."

"Kiinue. Taratibu, lakini usirudi nyuma. Kiinue hadi uhisi kinapiga."

Mama Lutie aliacha kutukana. Keyonna alikuwa amefumba macho, na mdomo wake ulikuwa unahesabu bila sauti, kisha ukahesabu kwa sauti, na alipofika mia na kumi na nane alianza kulia, kwa kuwa hivyo ndivyo mtoto anavyosikika kwenye kidole, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza.

"Nimempata," alisema. "Bi Ozella, nimempata. Yuko hapa."

"Mshike."

Eulalia alirudisha mkono nyuma, akapapasa hadi akaupata mguu wa Keyonna, akaushikilia. Chumba cha pili daktari alikuwa bado anaongea na simu, anawaambia watu jina la kaunti, analirudia herufi kwa herufi.

"Na nitamshika mpaka lini?" Keyonna aliuliza.

Ozella aliutazama mkono wa mwenzake, jinsi ulivyokaa, kiwiko kikiwa hewani bila kitu cha kukitegemeza.

"Kunja goti la kushoto," alimwambia. "Hivyo. Sasa weka kiwiko juu yake. Mkono hautachoka upesi."